Msimu Tuliopigana Wenyewe kwa Wenyewe

Nilipokuwa nasoma uhandisi hapa Lubumbashi, nilicheza basketi katika timu ya wanaume ya chuo chetu, na timu hiyo ilifungwa karibu kila mechi. Watu nikiwasimulia hucheka. Mwanzoni hata sisi tulicheka. Katika mechi ya kwanza mwenzetu mmoja alichanganyikiwa, akakimbia na mpira upande usio wake, akaupachika vizuri kabisa katika kikapu chetu wenyewe. Tulirudi kwenye homes, ndivyo tunavyoita mabweni ya wanafunzi, tukimwimbia njia nzima.

Nilikaa chumba kimoja na nahodha wetu. Familia yake ni Wakatoliki wa Katanga ya kaskazini. Babu yake alikuja huku kutandika reli. Alivaa rozari ndani ya jezi, na kila mechi refa alimwambia aivue, naye alinipa mimi niifiche ndani ya soksi. Kwetu sisi ni watu wa Kasai, ingawa mimi na mama yangu wote wawili tulizaliwa hapahapa. Mama anauza samaki wa chumvi, makayabo, kwenye soko la Katuba. Katika chumba chetu mambo ya nani katoka wapi hayakuwa na nafasi. Nahodha alikula makayabo ya mama moja kwa moja kutoka sufuriani, na mama alimwita "mutoto yangu mulefu."

Kocha alikuwa mwalimu wa michezo, mtu mzima mwenye goti bovu, ambaye ujanani alicheza vizuri mpaka goti likamkataa. Sitaki kusema alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Alikuwa anatuletea machungwa. Lakini tulipozidi kufungwa, wakubwa wa chuo walimwita ofisini, na sijui walimwambia nini. Alitoka kule akaja moja kwa moja kiwanjani, akatukusanya kwenye duara la katikati, pale ambapo rangi nyeupe ilikuwa imebanduka na saruji imepasuka.

"Nimeelewa ugonjwa yenu," alisema. "Munajua kucheza. Hamuna hasira. Bantu banawasukuma, munasema pardon. Leo hakuna mupira."

Akawanyoshea kidole wachezaji wawili wa nafasi moja. Wapigane. Ngumi tupu, ndani ya duara, mpaka mmoja apige magoti yote mawili chini. "Mwenye atabakia wima, njo atacheza samedi." Samedi, yaani Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku yetu ya mechi.

Wale wawili walitazamana wakacheka. Kocha akafungua mkanda wa suruali, akamchapa wa karibu mgongoni, na kicheko kikaisha. Walianza kusukumana kama watu wanaogombea kiti ndani ya basi. Halafu mmoja akampata mwenzake puani, na damu ilipotoka wote wawili walibadilika. Mmoja alishika masikio ya mwenzake akampiga na paji la uso. Tulisimama tumewazunguka. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mpira kifuani kwa mikono miwili, na nilikuwa naubana kwa nguvu kiasi kwamba mikono iliniuma hadi kesho yake.

Tulikuwa watu wazima. Tungeweza kukataa. Lakini vyumba vyetu kwenye homes tulivipata kwa sababu ya timu, na kuna wenzetu waliotoka mbali, Kalemie, Manono, ambao bila chumba kile wasingesoma. Na kuna jambo lingine, ambalo sikulikubali haraka: kuwaona wengine wakipigana kulitutia joto. Mtu aliyesimama mwishoni alikuwa anatembea tofauti.

Basi ikawa ndiyo mazoezi yetu. Kabla ya mpira, ngumi. Tukaenda darasani na midomo iliyopasuka, profesa wa hesabu akauliza kama tumeingia jeshini.

Tulipokwenda Kipushi kucheza na timu ya vijana wa mgodini, tulikuwa tumeshakuwa watu wengine. Kiwanja chao kilikuwa cha udongo, chekundu, na watu wamejaa mpaka kwenye mistari. Dakika za mwanzo tu, mrefu wetu mmoja alimpiga mtu kiwiko cha koo. Yule kijana akaanguka, akashika shingo, miguu ikichimba vumbi. Refa alipuliza filimbi, lakini mrefu wetu hakusimama. Alimfuata pale chini akampiga teke la mbavu, kisha lingine, kisha lingine. Nahodha alimrukia kutoka nyuma amvute, naye akageuka akampiga nahodha mwenyewe jichoni.

Jiwe la kwanza lilitoka nyuma ya kikapu. La pili lilinipata begani. Baada ya hapo sikuhesabu. Wanawake waliokuwa wanauza karanga walitoa watoto wao njiani, na wanaume wakaingia na vyuma, na mafimbo, na mmoja na mnyororo wa baiskeli. Tulikimbilia basi letu. Dereva alikuwa ameshawasha injini na mlango haukufungwa. Tulikuwa tunaruka ndani huku linakwenda. Vioo vya upande wangu vilivunjika vyote kwa pamoja na tukalala chini, mmoja juu ya mwingine, vipande vikituingia shingoni. Mtu fulani alikuwa analia, nikadhani ni mimi, kumbe ni yule mrefu wetu aliyeanzisha. Alilia mpaka tulipofika mjini.

Mechi tuliandikiwa tumeshindwa. Kocha alisimama ndani ya basi, ameshika vyuma vya viti kwa sababu ya goti lake, damu inamtoka kwenye nyusi, na anatabasamu.

"Leo mulikuwa banaume," alisema. "Tumepoteza, lakini mulikuwa banaume."

Nahodha alimwangalia kwa lile jicho lake moja lililokuwa bado linafunguka. "Koch, ule mutoto wa bale bantu angekufa."

"Hakukufa."

"Angekufa."

Kocha akajifuta damu ya nyusi. Lakini mazoezi yaliyofuata alimwita nahodha kwenye duara, akatutazama sisi wengine mmoja mmoja, taratibu, akanyosha kidole kwangu.

"Bandugu babili," alisema. "Banalala chumba moja, banakula sahani moja. Sasa tuone."

Nahodha akasema hapana. Kocha akamwambia: kama hapana, basi vua jezi, na uhame chumba vilevile. Aligeukia kwangu akauliza kama na mimi nasema hapana. Nilimwangalia nahodha. Alikuwa na jicho lililovimba rangi ya biringanya na alikuwa anatafuna kona ya mdomo, kama alivyofanya kila alipotaka kurusha penalti.

"Tufanye tu haraka," nilimwambia. "Bila nguvu. Utapiga magoti ao mimi nitapiga."

Tulianza kwa kudanganya. Nilimgusa begani, akanigusa kifuani. Mkanda wa kocha ulinipata shingoni, kwa ile sehemu yenye chuma. Sijui kama ni maumivu au ni aibu, lakini nilirusha mkono na safari hii haukuwa wa kudanganya, ukampata jicho lilelile bovu. Alitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Akaja. Nilimpiga mbavuni, nikasikia ngumi inazama. Sura yake ilikuwa karibu na yangu na haikuwa inanijua. Halafu akanipiga chini ya sikio, upande wa kushoto.

Ile sauti niliisikia kwa ndani, kama mtu anavunja mua kwenye goti. Sikupiga magoti, nilianguka kwa uso. Nilipojaribu kufunga kinywa, hakikufungika. Meno ya chini yalikuwa yamekwenda upande mmoja, ya juu yamebaki mahali pake. Kwenye saruji mbele ya jicho langu kulikuwa na jino, na nilikaa muda nalitazama nikijiuliza ni la nani.

Nahodha ndiye aliyenibeba. Alinibeba mgongoni mpaka barabara kuu, akasimama katikati ya lami mpaka gari likasimama. Njia nzima alikuwa anasema, "Usilale, ndugu, usilale," na jicho lake lilikuwa linamwaga maji juu ya mkono wangu.

Daktari alisema taya limevunjika mahali pawili. Akafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, kama mtu anavyofunga uzio, akaniambia nitakaa hivyo wiki nyingi, nikinywa uji na mchuzi kwa mrija. Mama alipofika, akampa koleo ndogo ya kukatia waya. "Hii isitoke kwenye sakoshi yako, mama," alisema. "Akitapika na kinywa kimefungwa, matapishi yatamuziba. Ukate hapa, na hapa."

Mama alichukua ile koleo akaiweka ndani ya sakoshi, ule mkoba wake wa begani. Nahodha alikuwa amesimama karibu na mlango, hajabadilisha nguo. Mama alimwendea. Alikuwa anamfikia kifuani tu. Alimpiga kofi, akanyosha mkono juu kabisa ili aufikie uso, akampiga tena, na tena, na yeye aliinama kidogo ili amrahisishie.

"Nilikulisha," mama alisema. "Na mukono yangu hii nilikulisha."

"Ni kweli, mama."

"Usiniite mama."

Nilijaribu kusema. Kilichotoka ni mlio kupitia meno na mate yenye damu.

Ninapaswa kueleza kitu kuhusu mama, la sivyo hayatafahamika. Alipokuwa msichana, ulikuja wakati ambapo watu wa Kasai walifukuzwa katika jimbo hili. Majirani aliokuwa anacheza nao waliwaita bilulu, wadudu. Nyumba ya wazazi wake iliingiliwa wakiwa mezani, na familia ikaenda kungojea treni ya kuwapeleka Kasai, ambako yeye hakuwahi kufika. Mdogo wake wa mwisho alifia pale stesheni, juu ya sanduku. Baadaye baadhi yao walirudi, wakajenga tena, wakafungua biashara, na hawakuyazungumzia yaliyopita. Lakini mama alipomwona mtoto wake na taya limevunjwa na kijana wa Katanga, hakuona basketi. Hata kaka yake, mjomba wangu, hakuona basketi.

Mjomba ana karakana ya kuchomelea vyuma karibu na kwetu, na mwili wake umetokana na kazi hiyo. Alikuja nyumbani niliporudi kutoka hospitali, akanitazama kinywa, akaniuliza swali moja tu: "Ni Mukatanga?"

Niliandika kwenye simu yangu: *Ni rafiki yangu. Kocha alitulazimisha.* Nikamwonyesha. Alisoma akanirudishia simu, kama mtu anayemrudishia mtoto mchoro wake.

Jumapili hiyo nahodha alikuja. Alitoka misani, shati jeupe, na alikuwa ameshika mfuko wa maparachichi kwa sababu alifikiri naweza kuyala yakipondwa. Nilimwona kupitia dirishani anaingia kwenye uchochoro wetu. Nilimwona pia mjomba anasimama kwenye mlango wa karakana, na vijana wake wawili nyuma yake, na vijana wengine wa mtaa wakitoka kila mmoja kwake kana kwamba walikuwa wanangojea. Pengine walikuwa wanangojea kweli.

Hakukimbia. Hilo ndilo lililonitisha. Aliwasalimia. "Papa, jambo," alimwambia mjomba, na mjomba akampiga tumboni na bomba la chuma.

Nilipotoka nje alikuwa ameshaanguka na wamemzunguka. Walikuwa wanampiga wote kwa pamoja mpaka wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Maparachichi yalikuwa yamepondeka chini ya viatu, na mtu mmoja aliteleza juu yake, akainuka na hasira mpya. Nahodha alikuwa amefunika kichwa kwa mikono, na mjomba alikuwa anapiga ile mikono na bomba, bila haraka, kama anavyonyosha chuma. Niliingia katikati nikasukumwa nje. Niliingia tena nikapigwa kiwiko cha kifua. Nilikuwa napiga kelele, lakini kelele yangu ilikuwa inaishia kwenye meno: mmm, mmm, kama ng'ombe. Hakuna aliyegeuka. Wengine walidhani nafurahi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sakoshi yake begani, tayari kwa ibada. Nilimkimbilia, nikaivuta, nikamwaga vyote chini, Biblia, leso, funguo, nikaokota ile koleo.

"Hapana," mama alisema. "Hapana, hapana, hapana." Alinishika kifundo cha mkono. Nilimsukuma. Niliingiza koleo kinywani bila kioo, nikakata waya, na nyama ya fizi pamoja nao, kushoto, kisha kulia, na kinywa kikafunguka chenyewe, kikaning'inia. Maumivu yalikuwa meupe. Sikuona kitu kwa muda. Halafu nikapiga kelele.

"Muache! Mutamuua! Muache!"

Sijui kama walielewa maneno. Mjomba aligeuka kwa sababu ya sauti, na aliponiona, bomba lilimtoka mkononi. Nilikuwa nimelowa damu mpaka kitovuni na taya linacheza. Nilitambaa katikati ya miguu yao nikalala juu ya nahodha, urefu wangu wote juu ya urefu wake wote, na nikangojea. Mtu mmoja alinipiga teke moja la mguu, pengine hakuniona. Kisha wakaacha. Nilimsikia mama anasema, kwa sauti ya chini kabisa, akimwambia kaka yake: "Inatosha. Wa stesheni alitosha."

Walitupeleka hospitali moja, kwenye gari moja, la mjomba. Mjomba aliendesha na hakuangalia nyuma. Mkono wa kulia wa nahodha ulikuwa umevunjika mifupa ya kiganja na vidole vitatu. Haukuweza kukunja ngumi tena, wala kushika mpira sawasawa. Daktari alinifunga waya upya huku akinitukana kwa Kifaransa. Taya liliungana likiwa limepinda, na hivyo ndivyo lilivyo.

Msimu ulikuwa haujaisha. Hilo huwashangaza watu, lakini ratiba haingojei mtu kupona. Tulipoweza kutembea, mimi na nahodha tulikwenda mazoezini, yeye na plasta mpaka kwenye kiwiko, mimi na kitambaa kilichofungwa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Kocha alikuwa tayari ameshawapanga wawili kwenye duara. Nahodha aliingia katikati yao, akakaa chini. Akakaa tu, miguu mbele, kama mtu aliyefika pikiniki.

"Toka," kocha alisema.

"Mi nimechoka, koch."

Kocha alimchapa na mkanda mgongoni. Nahodha alikaza shingo, hakusogea. Alimchapa tena. Nilikwenda nikakaa kando yake. Wale wawili waliokuwa wapigane walikaa. Yule mrefu wetu wa Kipushi alikuwa wa mwisho. Alisimama muda mrefu, halafu akakaa nje kidogo ya mstari. Kocha alituzunguka akichapa, huyu begani, huyu kichwani, mpaka pumzi zikamwisha na goti likakataa, akalazimika kushika nguzo ya kikapu. Alikaa pale ameinama. Kisha alivaa mkanda wake, akakosea tundu mara mbili, akaondoka. Hatukumwona tena pale kiwanjani. Niliambiwa baadaye anafundisha shule ya sekondari upande wa Mokambo.

Mechi zilizobaki tulicheza bila kocha, na tulifungwa zote. Moja, kule karibu na Karavia, tulifungwa vibaya mpaka mashabiki wetu wenyewe, wanafunzi wenzetu, walishuka wakamrushia nahodha chupa za maji akiwa amekaa kwenye benchi na plasta yake. Chupa moja ilimpasua sikio. Aliifuta damu na jezi, akaendelea kupiga kelele: "Rudini nyuma! Linda kikapu!"

Msimu ulipoisha chuo kilivunja timu, na sote tukatolewa kwenye homes. Mimi na yeye tulipanga chumba kimoja kwenye mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, mtaa wa kelele, ukuta umeshikana na baa. Mama hakufurahi. Alikuja mara moja, akatuletea sufuria, akamsalimia nahodha kwa kumpa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa mbovu. Hakumwita mwanawe. Mpaka leo hamwiti hivyo, ingawa akija anampakulia.

Siku moja tulikuwa tunapika bukari, ugali wetu. Mimi nilikuwa nasonga, yeye ameshika sufuria na mguu. Nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda wote ule.

"Siku ile, ulinipiga na nguvu yote? Ao ulipunguza kidogo?"

Aliangalia sufuria. Kutoka baa walikuwa wanajaribu spika.

"Nguvu yote," alisema. "Nilitaka kucheza samedi."

Niliendelea kusonga. Baadaye kidogo akaniambia bukari imeanza kuungua chini, nigeuze, nami nikageuza.